Ishara za ibada ya Kikristo katika bonde la Kilombero

Ishara za ibada ya Kikristo ni vitu, matendo, rangi na sauti ambavyo Wakristo huvitumia wanapokutana kusali, ili kudokeza jambo lisiloonekana kwa macho. Kati yake kuna maji, mkate, divai, mafuta, moto, majivu, ubani, msalaba, mavazi, kengele, kupiga magoti na kuwekeana mikono.

Katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, Tanzania, ishara hizo zimekutana na maisha ya wakulima wa mpunga na wavuvi. Baadhi yake, kama maji, zinaeleweka huko bila maelezo mengi. Nyingine, kama mkate wa ngano, zilitoka mbali na zinahitaji kufafanuliwa kwa kila kizazi. Kwa sababu hiyo bonde hilo linasaidia kujibu swali linalojadiliwa na Wakristo wa nchi nyingi: ishara za kale zina maana gani kwa watu wa leo?

## Maana ya neno

Maneno ya Kiswahili *ishara* na *alama* yametokana na Kiarabu. Katika Kigiriki neno *symbolon* lilitaja kitu kilichovunjwa vipande viwili, ambapo kila mmoja kati ya watu waliopatana alibaki na kipande chake. Vipande vilipounganishwa tena, watu hao walitambuana. Ndiyo sababu Wakristo wa kwanza waliita hata Kanuni ya Imani kwa jina hilo: aliyeijua alitambulikana kuwa mwenzao.

Kadiri ya maana hiyo, ishara ina sehemu mbili: kitu kinachoonekana na jambo linalokumbukwa. Kipande kimoja kikipotea, kinachobaki hakisemi tena. Mtu anayeona majivu pajini pa mwenzake bila kujua habari ya toba anaona uchafu tu. Vilevile mtu aliyefundishwa habari ya toba kwa maneno tu, bila tendo lolote, huisahau upesi.

Wataalamu wa liturujia hutofautisha ngazi mbalimbali za ishara. Wakatoliki na Waorthodoksi wanasadiki kuwa sakramenti saba si ishara tupu, bali zinatenda kile zinachokidokeza. Waprotestanti wengi wanakubali mbili tu, yaani ubatizo na Chakula cha Bwana. Chini ya sakramenti, Kanisa Katoliki linaweka visakramenti, kama vile maji ya baraka, majivu na matawi. Hatimaye kuna desturi za mahali, kama vile vigelegele na sare za kwaya.

## Asili na historia

Ishara nyingi za Wakristo zilirithiwa kutoka kwa Wayahudi: mkate usiotiwa chachu na kikombe cha divai katika karamu ya Pasaka, mafuta ya kupaka wafalme na makuhani, ubani wa hekaluni, na maji ya kujitakasia. Yesu alizitumia akizipa maana mpya, hasa katika karamu yake ya mwisho.

Katika karne za kwanza, Wakristo walipodhulumiwa na Dola la Roma, walipenda kuchora samaki, kwa sababu herufi za neno hilo katika Kigiriki ndizo za mwanzo za maneno yanayomaanisha "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi". Msalaba ulienea zaidi kama ishara ya hadharani katika karne ya 4, baada ya dhuluma kukoma.

Mabishano kuhusu ishara si ya leo. Mwaka 787 Mtaguso wa pili wa Nisea uliruhusu kuheshimu picha takatifu, baada ya miaka mingi ya kuvunjwa kwake. Mwaka 1529 Martin Luther na Huldrych Zwingli walikutana Marburg, Ujerumani, wakashindwa kupatana: Luther alishikilia kwamba mwili wa Kristo umo kweli katika mkate, kumbe Zwingli alisema mkate unaudokeza tu. Tofauti za makanisa ya leo, hata ya Tanzania, zinatokana kwa kiasi kikubwa na mabishano ya wakati huo.

## Ukristo katika bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto Kilombero unalipitia hadi kuungana na mto Luwegu na kuunda mto Rufiji. Tambarare yake inafurika kila mwaka, na tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wakazi wa asili ni pamoja na Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena. Baadaye walihamia watu wa makabila mengine mengi, wakiwemo Wasukuma. Mji mkubwa ni Ifakara, ambapo Wakristo na Waislamu wanaishi pamoja.

Ukatoliki ulienezwa na Wabenedikto kutoka Ujerumani, waliokuwa na misheni huko Kwiro, karibu na Mahenge. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kazi yao ilishikwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika mwaka 1921. Jimbo la Mahenge liliundwa mwaka 1964, na mwaka 2012 likamegwa ili kuzaa Jimbo Katoliki la Ifakara. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina Dayosisi ya Ulanga Kilombero. Wapo pia Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste wa makundi mbalimbali.

Hadi Mtaguso wa pili wa Vatikano, Misa ya Wakatoliki iliadhimishwa kwa Kilatini. Hati ya mtaguso huo kuhusu liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, iliruhusu lugha za watu, ikaagiza ibada ziwe wazi na zieleweke, tena ikafungua mlango kwa mapokeo mema ya kila taifa. Kazi hiyo inaitwa utamadunisho.

## Mwaka wa Kanisa na mwaka wa mpunga

Kalenda ya liturujia ilikomaa katika nchi za kaskazini mwa dunia. Huko Noeli inaangukia majira ya baridi, usiku unapokuwa mrefu, na Pasaka inafika majira ya kuchipua, miti inapotoa majani mapya. Ndiyo sababu hotuba na nyimbo nyingi za Ulaya zinataja mwanga unaoshinda giza la baridi. Kilombero hakuna baridi hiyo, lakini kalenda ileile inaangukia majira mengine yenye maana.

*Majilio*, yaani majuma manne ya kungojea Noeli, yanakuta wakulima wakitayarisha mashamba na kutazamia mvua. Mtu aliyekwisha kulima na bado hajaona mvua anajua kungojea ni nini. Parokia na sharika za wakulima huwa na ibada ya kubariki mbegu kabla ya kupanda. Tendo hilo linafanya shamba lenyewe liwe sehemu ya sala.

*Kwaresima*, yaani siku 40 za toba, huanza kati ya Februari na Machi. Ni wakati wa palizi, kabla ya mavuno, ambapo akiba ya familia nyingi imepungua. Hapo kufunga kuna sura tofauti na ile ya nchi zenye chakula tele: mwenye debe la mwisho la mchele anaulizwa kwanza kama atamgawia jirani asiye nacho. Kwaresima inafunguliwa kwa majivu yaliyopatikana kwa kuchoma matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Wakulima wanajua pia kwamba majivu ya mabua yanarutubisha udongo.

*Pasaka* huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, yaani wakati wa masika, mafuriko ya bonde yanapokaribia au kufikia kilele. Katika mkesha wake moto mpya huwashwa nje ya kanisa, mshumaa mkubwa huingizwa gizani, maji hubarikiwa na watu hubatizwa. Kadiri ya maelekezo ya Roma ya mwaka 1988, mshumaa huo uwe wa nta, mpya kila mwaka, na usiwe wa bandia, kwa sababu ishara ya uongo haiwezi kushuhudia ukweli. Mahali ambapo umeme umefika, kuzima taa zote kwa dakika chache kunarudisha giza ambalo mababu walilijua kila usiku.

*Sikukuu ya mashahidi wa Uganda*, tarehe 3 Juni, inaadhimishwa kwa mavazi mekundu wakati mpunga unavunwa.

Jambo lingine la bonde ni kuhamia mashambani. Katika msimu wa kilimo familia nyingi hukaa kwenye vibanda na madungu mbali na kijiji, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Kusanyiko la waamini, ambalo ndilo ishara ya kwanza ya Kanisa, hupungua wakati huo. Kusali nyumba kwa nyumba katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, kunasaidia kuziba pengo: meza, Biblia, msalaba na mshumaa vinatosha kufanya baraza la nyumba liwe mahali pa ibada.

## Maji

Katika Biblia maji yana sura mbili. Yanaua, kama katika habari za gharika na za jeshi la Farao. Tena yanahuisha, kama chemchemi jangwani. Ubatizo unaunganisha sura zote mbili: anayebatizwa anakufa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye (Warumi 6).

Kwa mkazi wa Ifakara jambo hilo si geni. Mafuriko ya mto Kilombero yanaleta rutuba inayokuza mpunga na mabwawa yanayozaa samaki. Mafuriko hayohayo, pamoja na yale ya mto Lumemo unaopita karibu na mji, yanabomoa nyumba. Kabla ya daraja kubwa kujengwa, waliotaka kwenda Mahenge walivuka Kilombero kwa kivuko, na ajali za majini hazikukosekana.

Makanisa yanatofautiana katika kutumia maji. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kwa kawaida humwagia maji kichwani na kubatiza hata watoto wachanga. Wasabato na Wapentekoste huzamisha mtu mzima aliyekiri imani. Mtoni panahitaji uangalifu kwa sababu ya mamba na viboko, hivyo wanaozamisha hutafuta mahali salama au kujenga birika.

## Mkate na divai katika nchi ya mpunga

Hapa ndipo swali la ishara linapokuwa gumu zaidi. Chakula cha kila siku Kilombero ni wali na ugali. Ngano hailimwi bondeni na zabibu hazistawi huko. Divai ya Tanzania inatokana hasa na mizabibu ya Dodoma. Hivyo ishara kuu ya Wakristo, ambayo kwa watu wa Yesu ilikuwa chakula cha kawaida kabisa, kwa mkulima wa mpunga ni kitu kinacholetwa kutoka nje, chembamba na cheupe, ambacho hakionekani popote isipokuwa kanisani.

Sheria ya Kanisa Katoliki (kanuni 924 ya mwaka 1983) inadai mkate wa ngano tupu na divai ya zabibu. Maelekezo ya mwaka 2004 na barua ya mwaka 2017 yamesisitiza kwamba nafaka nyingine haziwezi kushika nafasi ya ngano. Sababu zinazotolewa ni uaminifu kwa tendo la Yesu na umoja wa Wakristo: anayekomunika Ifakara anashiriki mkate uleule wa anayekomunika Roma au Manila.

Wengine wamepinga. Padri Jean-Marc Ela (1936-2008) wa Kamerun, aliyeishi kati ya wakulima maskini wa kaskazini mwa nchi yake, aliuliza kwa nini Waafrika walazimike kununua kutoka ng'ambo chakula cha kumsifia Mungu, ilhali wanalima mtama wao wenyewe. Kwake swali halikuhusu ladha tu, bali utegemezi wa kiuchumi na heshima ya kazi ya mkulima. Madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti hayana sheria kali namna hiyo. Wasabato, kwa mfano, hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka, na kabla ya kushiriki huoshana miguu.

Bondeni ufumbuzi wa kawaida umepatikana katika maandamano ya vipaji. Pamoja na hostia na divai, waamini huleta mbele ya altare mchele, ndizi, mayai, kuku na mazao mengine. Kwa njia hiyo ngano inabaki ngano, lakini jasho la mkulima linaonekana pembeni mwake. Kati ya Walutheri, mazao yaliyotolewa hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mnada huo, pamoja na vicheko vyake, ni sehemu ya sadaka.

Lugha yenyewe inaonyesha njia mbili za kutatua jambo hilo. Katika Sala ya Bwana kwa Kiswahili, Wakatoliki huomba *mkate*, kumbe Waprotestanti wengi wanaofuata tafsiri ya Biblia ya Muungano huomba *riziki*. Neno la kwanza limetunza ishara na kuacha maana ielezwe. La pili limetoa maana na kuacha ishara. Mpunga umo katika riziki bila shida. Lakini anayesema *mkate* anasikia moja kwa moja uhusiano kati ya sala hiyo na ekaristi.

## Ngoma, sauti na rangi

Wamisionari wengi wa zamani walikataza ngoma ibadani wakiihusisha na matambiko na ulevi. Hali ilianza kubadilika kabla ya Mtaguso: Padri Stephen Mbunga wa Tanzania alitunga Misa ya mahadhi ya Kiafrika, na mwaka 1963 alichapisha utafiti kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Leo ngoma, kayamba na vinanda vya umeme husikika pamoja. Watoto wa Utoto Mtakatifu hucheza katika maandamano, na akina mama hupiga vigelegele. Kigelegele kinachopokea mtoto mchanga, bibi arusi na Injili kinasema jambo moja: kilichofika ni cha furaha.

Katika vigango vingi vya vijijini kengele ni rimu ya gari au kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Thamani yake imo katika kazi yake: inaita.

Rangi za liturujia hutumiwa na Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana: zambarau kwa toba, nyeupe kwa furaha, nyekundu kwa damu na Roho Mtakatifu, kijani kwa kipindi cha kawaida. Lakini rangi hazina maana moja tu. Kwa Mtanzania kijani kinaweza kukumbusha chama tawala au Yanga, na nyekundu inaweza kukumbusha Simba. Kanisani maana inatokana na siku inayoadhimishwa na maneno yanayosomwa. Kanga, vitenge na sare za vyama, kama ile ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), vimekuwa pia ishara: mwanachama anapozikwa, wenzake waliovaa sare hutambulikana mara kama ndugu wa marehemu.

## Ishara na dawa

Hatari ya kudumu ni ishara kugeuzwa dawa, yaani kitu chenye nguvu yake chenyewe, bila imani wala maadili. Katika bonde la Kilombero na Mahenge jambo hilo lina historia. Wakati wa vita vya Maji Maji (1905-1907) wapiganaji waliamini kwamba maji waliyopewa yangewakinga na risasi za Wajerumani. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walishambulia boma la Mahenge, na wengi waliuawa kwa bunduki za rashasha. Mwanaanthropolojia Maia Green, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu Ukristo wa Wapogoro, ameeleza jinsi vitu vilivyobarikiwa vinavyoweza kupokewa kwa mtazamo uleule wa dawa za kinga.

Tatizo si la kabila moja wala la dhehebu moja. Mwaka 2011 maelfu ya watu wa dini zote, kutoka Tanzania na nchi jirani, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa na mchungaji mstaafu, na baadhi ya wagonjwa walifia njiani au foleni. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa injili.

Mafuta, maji na kikombe ni ishara zilizomo katika Biblia yenyewe. Waraka wa Yakobo (sura ya 5) unaagiza wagonjwa wapakwe mafuta, lakini unataja pamoja nayo sala, imani, wazee wa Kanisa na kuungamiana dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1992) inaita ushirikina ile hali ya kutegemea tendo la nje tu, bila kujali moyo unaotakiwa kuandamana nalo. Walutheri na Waanglikana hufundisha vilevile.

## Umuhimu wa leo

Vijana wengi wa Ifakara leo wamekulia mjini, wana simu za mkononi, na baadhi yao hawajawahi kulima. Kwao hata mpunga, mbegu na nta vinaanza kuwa vitu vya mbali. Ishara nyingine zinapoteza nguvu kwa kurahisishwa: maua ya plastiki, mishumaa ya betri, tone la maji lisiloonekana. Janga la UVIKO-19, lililofanya makanisa mengi duniani yasimamishe kupeana mikono ya amani na kuondoa maji ya baraka mlangoni, lilionyesha jinsi watu wanavyokosa ishara hizo zinapoondolewa.

Njia inayosisitizwa na wataalamu ni ya kale: katika karne ya 4 maaskofu kama Sirili wa Yerusalemu na Ambrosi wa Milano waliwaeleza wabatizwa wapya, siku zilizofuata Pasaka, kila tendo walilotendewa. Kwanza waliona na kuguswa, kisha wakafafanuliwa. Katekista wa kigango anayewaonyesha watoto punje ya mpunga kabla ya kuwasomea habari ya punje ya ngano inayokufa ardhini (Yohana 12) anafuata njia hiyohiyo.

## Tazama pia

* Liturujia
* Sakramenti
* Mwaka wa Kanisa
* Utamadunisho
* Jimbo Katoliki la Ifakara
* Mto Kilombero